Ujumbe wa Ajabu (4): Kutoka Gereza la Bicêtre hadi Mnadani Tumati

Kampeni ya Sitapeliki imewafanya watu wazungumzie tena meseji za matapeli, na redio zinatukumbusha namba 15040 ya kuziripoti. Naiunga mkono. Ila kila mjadala ukianza, hachelewi kutokea mtu wa kusema waliotapeliwa wameponzwa na tamaa. Kauli hiyo naipinga, na historia iko upande wangu.

Katika makala zilizopita tuliona barua pepe zisizo na kichwa wala miguu, na tangazo la kompyuta ambalo Gary Thuerk aliwatumia watu wapatao 400 mwezi Mei 1978. Leo turudi nyuma zaidi, kwa mtu ambaye sichoki kumsoma: Eugène-François Vidocq, mhalifu na mtoro wa magereza wa Ufaransa aliyeishia kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1828 anaeleza kazi iliyowalisha wafungwa wenzake wa gereza la Bicêtre, waliyoiita barua za Yerusalemu.

Wafungwa walitafuta anwani za matajiri wa mkoani, hasa wale waliokuwa bado wanaulilia utawala wa kifalme ulioangushwa na Mapinduzi ya 1789. Tajiri akaletewa barua na mtu asiyemjua kabisa. Mwandishi anajitambulisha kuwa mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia nchi. Njiani walifukuzwa, wakalazimika kulitupa majini sanduku la dhahabu na almasi. Baadaye mtumishi akarudi kulitafuta, akakamatwa. Ramani ya mahali lilipo imo ndani ya begi lake, na begi limeshikiliwa kwa sababu ya deni. Je, mheshimiwa anaweza kumsaidia fedha kidogo alikomboe? Vidocq anasema katika kila barua 100, zilizojibiwa hazikupungua 20. Anamtaja hata mfanyabiashara wa vitambaa wa Paris aliyekutwa akichimba chini ya tao la daraja la Pont Neuf, akitafuta almasi za mwanamke wa ukoo mkubwa!

Karibu miaka 200 baadaye hadithi hiyohiyo ilitoka Nigeria kwa posta, kisha kwa faksi, kisha kwa barua pepe: mjane wa jenerali, mamilioni yaliyokwama benki, ada ndogo ya kuyatoa. Hapo sibishi. Aliyenaswa alikuwa ameahidiwa mali isiyo yake, akaitaka.

Sasa njoo Mbulu. Mfikirie mama wa Tumati aliyechukua mbegu za vitunguu swaumu kwa mkopo, akaahidi kulipa akishavuna. Yuko mnadani, ameshauza, fedha ameshaziweka kwenye simu. Meseji inaingia: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Haikutaja jina, wala kiasi, wala deni la nini. Vyote hivyo mama anavijaza mwenyewe, kwa sababu kweli kuna mtu anamdai na siku aliyoahidi imefika. Anatuma. Jina linalotokea halilijui, lakini wangapi kati yetu tunatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya ndugu? Jioni mwenye mbegu anakuja kudai chake.

Tamaa iko wapi hapo? Yule wa Pont Neuf alichimba ajipatie almasi za watu. Mama huyu alikuwa analipa deni. Meseji fupi namna hii humkosa mdaiwa sugu asiyekusudia kumlipa mtu, ikampata mwaminifu. Tapeli naye hahitaji kumjua yeyote. Namba zetu za simu zina tarakimu 10. Ukishika nne za mwanzo, sita zinazobaki zinakupa namba milioni moja za kujaribu, na kifurushi cha meseji ni bei rahisi. Katika umati huo hawakosekani wenye deni la kulipa leo.

Ndiyo maana nawasihi viongozi wa vijiji, walimu na viongozi wa dini waache kuwasimanga waliopigwa. Mama aliyeambiwa mbele za watu kuwa ni mtu wa tamaa hatasimulia tena, na jirani yake atapokea meseji hiyohiyo wiki ijayo bila kuonywa na mtu. Nashauri meseji hizi zisomwe kwa sauti kwenye mikutano ya kijiji, neno kwa neno, na waliotapeliwa wazisome wenyewe wakitaka.

Nafasi inaniishia, kwa hiyo ya 15040 nitayasema kwa ufupi. Ukipata meseji ya namna hii, ipeleke kwenye namba hiyo, kisha ujibu ukiulizwa namba iliyoituma. Ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, karipoti kwa mtoa huduma. Na kama kweli unadaiwa, mpigie anayekudai kwa namba yake ya zamani, umsikie sauti kabla hujatuma hata shilingi.