Kuku Asiye na Mkia

Kwa nyanya yangu kule Bungoma kuna jogoo asiye na mkia. Sisi wa Kitale tukienda likizo humcheka sana.

Nyanya ana kisukari, hujidunga insulini. Hii ni homoni ya kongosho. Huitoa sukari kwenye damu ikaingia katika seli. Likizo ya Agosti alijidunga, halafu akachelewa kula. Ghafla akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yakampotea. Tulimpa chai yenye sukari tele. Baadaye kidogo akauliza mbona tunalia.

Sasa, kifaranga huatamiwa siku 21, na chakula chake ni kile tu kilichofungiwa ndani ya yai. Miaka ya 1940, huko Connecticut, Marekani, Walter Landauer aliyadunga mayai insulini. Yaliyodungwa mapema, uti wa mgongo ukianza tu kujengwa, yalitoa baadhi ya vifaranga wasio na mkia. Yaliyodungwa siku kadhaa baadaye yalitoa wenye miguu mifupi. Kumbe dawa ni ile ile, ila siku ndiyo huamua kiungo kipi kiharibike! Mwaka 1948 Edgar Zwilling alionyesha kwamba viinitete hao wa miguu mifupi walikuwa wamepungukiwa na sukari.

Jogoo wetu hakudungwa na mtu. Kasoro hiyo hurithiwa pia, na hata mamake hakuwa na mkia.

Nilipomweleza nyanya, aliniuliza, “Na huyo wa ndani ya yai, mjukuu wangu, nani alimpa chai?”