Kadi moja ya hoki, dola milioni 3.75: Bei hiyo yatoka wapi?

Mwezi Mei 2021 kadi moja ya karatasi ngumu, inayoenea kiganjani, iliuzwa Marekani kwa dola milioni 3.75. Picha iliyomo ni ya Wayne Gretzky, mchezaji wa hoki ya barafuni kutoka Kanada. Ilichapishwa na kampuni ya O-Pee-Chee ya mji wa London, Ontario, kwa msimu wa 1979-80, na siku hizo ilitiwa kwenye pakiti ya kadi 14 pamoja na bigijii. Wateja walikuwa watoto.

Kadi ya aina hiyo na ya daraja hilohilo ilikuwa imeuzwa dola 465,000 mwaka 2016, na dola milioni 1.29 Desemba 2020. Mfanyabiashara aonapo tarakimu za namna hii huuliza swali moja tu: mnunuzi analipia nini hasa?

Kwanza, analipia daraja. Aliyewahi kuhudhuria mnada wa kahawa Moshi hatapata taabu kuelewa. Kampuni za upimaji, ikiwamo PSA ya California, hukagua pembe, kingo, uso wa kadi na kama picha imekaa katikati, kisha hutoa alama kuanzia 1 hadi 10 na kuifungia kadi ndani ya plastiki ngumu. Kadi za Gretzky za mwaka ule hazijaadimika hata kidogo. Zipo kwa maelfu. Lakini zilizopata 10 kwa PSA ni mbili. O-Pee-Chee ilikata karatasi zake kwa waya, kingo zikatoka na manyoya, na kwa kuwa mpaka wa kadi ni wa buluu, mchubuko mdogo tu huonekana mweupe. Kwa hiyo mamilioni yale hayakulipwa kwa ajili ya Gretzky peke yake. Yalilipwa kwa kingo nzima.

Pili, ugavi. Februari 2024 katoni ya kadi hizo ambayo haijawahi kufunguliwa, iliyokutwa katika nyumba moja mjini Regina, ilinadiwa kwa dola milioni 3.72 pamoja na ada ya mnunuzi. Ndani mlikuwa na maboksi 16, kila moja na pakiti 48, yaani kadi 10,752. Seti kamili ina kadi 396, hivyo kwa wastani Gretzky angetokea kama mara 27. Hakuna aliyeziona. Mnunuzi alilipia uwezekano, jambo ambalo wacheza bahati nasibu wanalifahamu vizuri.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni msimu wa 1990-91. Upper Deck, Pro Set na Score ziliingia sokoni kushindana na O-Pee-Chee na Topps, na watu wazima wakanunua maboksi kwa maboksi na kuyaweka stoo kama akiba ya kusomeshea watoto. Kila mtu alitunza. Matokeo yake kadi nyingi za msimu huo hazirudishi hata bei ya boksi. Zile za 1979 zilizo nzima ziliadimika kwa sababu watoto walizichezea na mama zao wakazitupa.

Upo pia uadimu wa kutengenezwa. Mwaka 1923 kampuni ya peremende ya William Paterson ya Kanada iliahidi zawadi kwa atakayekamilisha seti, kisha ikachapisha kadi ya Bert Corbeau kwa uchache mno ili zawadi zisitoke nyingi. Leo hiyo ndiyo inayosakwa kuliko zote za seti ile.

Hatari kubwa ni udanganyifu, na hata Gretzky mwenyewe haukumkosa. Mwaka 1991 yeye na Bruce McNall walinunua kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner kwa dola 451,000. Ilikuwa kadi ya kwanza kupimwa na PSA, ikapewa 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane bora.

Kwa mwenye mtaji mdogo, kadi ya Gretzky isiyo ndani ya plastiki ya mpimaji anayejulikana ni ya kuachwa, kwa kuwa za bandia ni nyingi. Ya O-Pee-Chee huandikwa nyuma kwa Kiingereza na Kifaransa. Ya Topps, iliyouzwa Marekani na yenye bei ya chini, ni Kiingereza tupu, na wauzaji wengine hupenda kuzichanganya. Bei ya kufuata ni ile iliyokwisha kulipwa mnadani, si anayotaja muuzaji. Humo itolewe ada ya nyumba ya mnada, ambayo katika katoni ya Regina ilikuwa asilimia 20, pamoja na bima na usafirishaji. Na ikumbukwe kwamba waliopanda gari mwaka 2021, bei zikiwa kileleni, wengi wao waliziona zikishuka mwaka uliofuata, na kadi haitoi gawio wakati mwenyewe akisubiri.