Pikipiki Kuukuu na Majira ya Mvua

Pikipiki yetu ni Yamaha DT 125, kazi ya Wajapani. Ilibuniwa kwa mchezo wa kupita maporini na milimani. Ndiyo maana magurudumu yake ni marefu, na injini yake hulia kwa sauti kali kama nyuki waliochokozwa. Ilipofika mikononi mwetu ilikuwa imekwisha kutumikia mabwana wengi. Pamoja nayo tulipewa kitabu cha maagizo, kilichoandikwa kwa Kifaransa, na ndani yake mlikuwa na sura nzima juu ya kuihifadhi pikipiki isipotumika muda mrefu, kama vile wakati wa baridi. Tulipoisoma tulicheka.

Huko Ulaya, wenye pikipiki za mchezo huzifungia ndani tangu Novemba hata Machi. Theluji ikianguka, barabara humwagiwa chumvi ili isigande, na chumvi hula chuma. Basi mwenye pikipiki hujaza tangi lake, hutoa betri, huinua magurudumu yasiguse sakafu, kisha jioni nyingi hukaa karibu nayo akifungua, akisafisha, akifunga tena. Majira ya joto yarudipo, pikipiki iko tayari.

Nasi je? Theluji twaijua, maana mtu akaaye Mutwanga au Beni, siku ya anga safi, aweza kuiona juu ya Ruwenzori, ambao kilele chake, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Lakini theluji hiyo haishuki kwetu. Mstari wa ikweta wapita kusini kidogo ya Butembo, nasi hatuna majira ya baridi, bali mvua: zile za Machi hata Mei, na zile kubwa zaidi zianzazo Agosti na kuendelea hata Desemba. Na mvua haimpi mtu likizo. Mgonjwa lazima apelekwe hospitalini, kahawa lazima ishushwe sokoni, mwalimu lazima afike shuleni. Kwa hiyo pikipiki yetu hufanya kazi ngumu kuliko zote katika miezi ile ile iliyo mibaya kuliko yote.

Hata hivyo kicheko chetu kilikuwa cha ujinga, wasomaji wapenzi, na tulikilipia. Yule Mzungu analazimishwa na baridi kuweka wakati wa kuitunza mashine yake. Sisi hatulazimishwi na kitu, kwa hiyo twasema, “Kesho.” Naam, kesho hiyo ndiyo iliyotuangusha.

Mwaka wetu wa kwanza, katikati ya mvua za Novemba, tuliona kwamba breki ya nyuma yalegea. Breki za pikipiki hiyo ni za ngoma: ndani ya kitovu cha gurudumu mna viatu viwili vilivyovikwa ngozi ngumu, na ukikanyaga breki hupanuka na kusugua ngoma. Ngozi ikiisha, kanyagio hushuka chini zaidi. Mtu aweza kukaza kokwa iliyo mwisho wa fimbo ya breki, na kanyagio hurudi juu. Tulikaza. Juma lililofuata tulikaza tena. Kokwa ilipofika mwisho wa meno yake, tulijua vizuri maana yake, lakini tulisema kwamba ngozi mpya tutazitia Noeli, shule ikifungwa.

Jioni moja tulikuwa tukishuka mlima kurudi Butembo, mwalimu mwenzetu akiwa amekaa nyuma. Mvua ilikuwa imekoma punde, na udongo mwekundu ulikuwa kama sabuni. Tulikanyaga breki ya nyuma, lakini haikushika chochote. Tukavuta ile ya mbele kwa hofu, gurudumu la mbele likateleza, nasi sote wawili tukaingia mtaroni. Sisi tulichubuka magoti tu. Mwenzetu alivunjika mfupa wa bega. Muda wa majuma sita hakuweza kuandika ubaoni, wala kuvuna kahawa yake, iliyoiva na kuanguka chini. Bei ya ngozi mbili za breki haikufika hata sehemu ndogo ya hasara yake. Tena mashine haikuwa na kosa: ilikuwa imetuonya majuma matatu.

Tangu siku ile tulijiwekea sheria: asiye na majira ya baridi na ajifanyie. Majira yetu sisi ni mawili. La kwanza ni mwezi wa Julai, shule zikiwa zimefungwa na mvua imepungua. La pili ni kila Jumamosi alasiri, mvua inyeshe, isinyeshe.

Kazi ya Julai ni kufungua. Hapo yafaa kuwa na mkeka safi, mikebe kadhaa na daftari. Kila unachokitoa, chora jinsi kilivyokaa, na misumari yake uitie katika mkebe wake. Mali bila daftari huisha bila habari. Na pikipiki iliyofunguliwa bila daftari hufungwa ikiwa na misumari miwili ya ziada, ambayo hakuna ajuaye ilitoka wapi.

Injini ya namna hii huchoma mafuta yake ya kulainisha pamoja na petroli. Mafuta hayo hukaa katika chombo cha peke yake, na pampu ndogo huyapeleka kidogo kidogo. Yakikauka, pistoni hushikana na silinda, na safari imekwisha papo hapo. Na kwa kuwa mafuta huchomwa, masizi magumu hujikusanya juu ya pistoni, katika tundu la kutolea moshi, na ndani ya bomba. Mwenye pikipiki husema, “Imezeeka, haina nguvu tena,” kumbe imezibwa pumzi. Masizi hayo hukwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu, si kwa bisibisi, maana chuma hukwaruza pistoni iliyo laini.

Mwezi huo huo hufunguliwa vitovu vya magurudumu na shingo ya usukani, grisi ya zamani hufutwa yote na mpya hutiwa. Ngozi za breki hutazamwa. Zikiwa nyembamba hubadilishwa, wala hazingojei Noeli. Vipuri vya pikipiki hizi kuukuu havipatikani upesi, kwa kuwa maduka ya Butembo yamejaa vile vya pikipiki mpya zitokazo India. Basi yafaa kuanza kuvitafuta mapema. Na ukipewa kipuri chenye bei nyepesi mno, kipime kwanza kando ya kile cha zamani kabla hujafungua mfuko wako.

Sasa tuseme juu ya Jumamosi. Kwanza ni kuosha, kwa maana tope ni sifongo la maji, na chini yake kutu hufanya kazi usiku na mchana. Lakini usimwagie maji baridi injini iliyo moto, wala usiyaelekeze kwa nguvu kwenye vitovu au kwenye sanduku la hewa. Tumia ndoo, kitambaa na subira.

Pili ni mnyororo. Usugue kwa brashi na mafuta ya taa, uukaushe, ndipo uupake mafuta mazito. Usikazwe kama uzi wa zeze: mtu akiwa amekaa kitini, katikati yake uweze bado kupanda na kushuka sentimita mbili au tatu. Unapouvuta nyuma, tazama alama za pande zote mbili ziwe sawa, ama sivyo gurudumu litakwenda upande. Na meno ya gia yakipinda kama kulabu, badilisha gia zote mbili na mnyororo pamoja, kwa kuwa kikuukuu hula kipya.

Tatu ni chujio la hewa, lililo la sifongo. Lioshe kwa mafuta ya taa, ulikamue kwa kulibana bila kulisokota, ulitie mafuta ya injini na kulibana tena. Vumbi la Julai na matone ya Oktoba yakipita hapo, pete za pistoni huliwa mapema.

Nne ni petroli. Wengi wetu twainunua kwa wale wauzaji wa kando ya njia waitwao kadhafi, na wakati wa mvua maji huingia kwa urahisi katika vyombo vyao, hata pasipo hila yoyote. Itie kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie: maji ni mazito, nayo hukaa chini, utayaona. Pikipiki ikikohoa njiani, fungua kikombe cha kabureta na kumwaga kilichomo kabla ya kumlaumu fundi.

Tano ni plagi, ambayo huku kwetu huitwa buji. Hiyo ni kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na yenye maji maji, petroli imezidi au hewa imezibwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini yaungua kwa kukosa petroli. Kumbuka kwamba Butembo iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopatana na huku haitapatana sawasawa na joto la Kasindi, kule chini mpakani. Fundi mwema atakuuliza kwanza, “Waenda wapi?”

Mwisho ni waya za breki na klachi, ambamo mvua huingia na kuzila kwa siri. Fanya faneli ya karatasi juu ya waya, tia mafuta, uache yadondoke usiku kucha. Gonga spoku moja moja kwa spana: iliyokazwa hulia, iliyolegea hunyamaza. Na baada ya kuvuka maji ya mto, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa unakwenda, hata ngoma zikauke, kabla hujafika kwenye mteremko.

Labda mtu atasema, “Mambo haya ni ya wenye nafasi; mimi nina watoto wa kulisha.” Twamjibu kwamba yote tuliyoyataja huchukua saa mbili kwa juma, na mafuta ya taa kikombe kimoja. Tena tusisahau njia zetu zilivyo. Tangu Oktoba 2014, katika nchi ya Beni, watu wengi mno wameuawa mashambani na njiani. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 50 na zaidi kidogo tu, lakini huko pikipiki kuzimika jioni si usumbufu tu. Abiria anayepanda nyuma yetu hakuikagua breki wala petroli. Ameziamini kwa sababu ametuamini sisi.

Yule mwenzetu aliyevunjika bega alipona, ijapokuwa siku za baridi bado lamsumbua. Hakutulaumu hata siku moja, jambo lililotuumiza kuliko lawama. Siku hizi, Jumamosi alasiri, huja kwetu akiwa na kigoda chake, huketi kando ya pikipiki, na kutushikia taa mawingu yanapoleta giza mapema. Kazi ikiisha hainuki mara moja. Kwanza huinama, huitazama ile kokwa iliyo mwisho wa fimbo ya breki, na kuhesabu meno yaliyosalia.