Daftari la Shukrani kwa Wenye Moyo Mwepesi Kuguswa

Katika nyumba nyingi za huku Kasoli yumo mtu ambaye makelele humchosha kuliko wenzake. Mtoto wa jirani akilia usiku, yeye hapati usingizi tena. Akiambiwa neno kali asubuhi, hukaa nalo hata jioni. Watu humwambia, "Jikaze," na wengine humcheka. Twaona hawamtendei haki. Mwaka 1996 bibi mmoja wa Marekani, Elaine Aron, mtaalamu wa mambo ya nafsi, alitoa kitabu juu ya watu wa namna hii, akakadiria kuwa ni 15 hata 20 katika kila watu 100. Tena akasema si ugonjwa, bali ndivyo walivyozaliwa. Mara nyingi mtu huyu ndiye atambuaye kwanza kwamba mgeni ana njaa, au kwamba mtoto fulani darasani si yule wa juzi. Lakini siku zikiwa nzito, yeye huelemewa mbele ya wengine.

Nazo siku ni nzito. Mkulima wa pamba katika mkoa wetu wa Simiyu hupanda asijue bei itakuwaje. Mvua ikikawia, ng'ombe hukonda. Mwalimu husimama mbele ya darasa lililojaa hata mlangoni. Na habari za vita na misiba ya nchi za mbali, ambazo zamani zilichukua majuma mengi kufika, sasa huingia kwa simu hata kitandani.

Kwa ajili ya hao twataka kunena juu ya daftari la shukrani.

Mwaka 2003 mabwana wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa habari za majaribio yao. Waliwagawa wanafunzi wa chuo mafungu matatu. Fungu la kwanza waliandika kila juma, kwa muda wa majuma kumi, mambo ya kushukuria yasiyozidi matano. La pili waliandika maudhi yao. La tatu waliandika mambo yoyote yaliyowapata. Wale wa shukrani waliona maisha yao kuwa mema zaidi, na malalamiko yao juu ya mwili yakawa machache. Kisha walijaribu kwa watu wenye maradhi ya neva na misuli, kwa siku 21, nao wakapata usingizi zaidi. Hata hivyo tusilikuze neno hili kupita kiasi. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitoa hesabu ya uchunguzi 27 wa namna hii, wakaona kwamba kwa dalili za sonona na wasiwasi msaada wake ni mdogo. Basi mtu ambaye halali kwa majuma mawili, au anayewaza kufa, asiachiwe penseli na karatasi. Mwenziwe akae naye, tena ampeleke kituo cha afya.

Kwa mtu aliyechoka tu na mambo mengi, daftari la shule latosha. Ila asiandike maneno mapana kama "Nashukuru kwa uzima, kwa chakula na kwa jamaa." Maneno hayo ni ya kweli, lakini mkono huyaandika moyo ukiwa mahali pengine. Na aandike hivi: "Usiku mvua imenyesha, mtungi wa nje umejaa. Mama mdogo ameniletea michembe, wala sikuomba. Yule mtoto wa nyuma amesoma neno zima leo." Mwenye moyo mwepesi anavyo vitu hivi tayari, maana huona madogo, shida yake ni kwamba mabaya nayo huyaona yote, na hayo ndiyo hupiga kelele zaidi.

Tena asiandike kila siku kama mwenye deni. Bibi Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza mwaka 2005 kwamba walioandika mara moja kwa juma walinufaika, na walioandika mara tatu hawakunufaika. Sisi twaipenda habari hii, kwa sababu mama mwenye watoto watano na jembe hapati nafasi mara tatu.

Neno moja hutuudhi. Mtu amefiwa na ng'ombe wake wa kulimia, naye huambiwa papo hapo, "Shukuru, wako waliopoteza zaidi." Hiyo ni kumfunga mtu mdomo. Katika daftari na yaandikwe pia, "Leo ng'ombe amekufa, nimelia," kisha chini yake, kama lipo, jina la aliyekuja kusaidia kuchuna ngozi. Kama halipo, nafasi ibaki wazi.

Majina ya watu ndiyo yenye faida kubwa. Huku kwetu husemwa "wabeja," yaani ahsante, lakini husemwa upesi, na mara nyingi aliyetenda jambo lenyewe huwa amekwisha kuondoka. Ukisoma daftari mwisho wa mwezi, utakuta jina moja limerudi mara nne, wala hujamwendea mwenyewe. Nenda ukamwambie.

Wasioandika wasidhani wametengwa. Bibi aweza kumwambia mjukuu wake, naye akaandika. Na penye shikome, moto ule wa jioni ambapo wazee wa Kisukuma waliwafunza vijana, kila mmoja aweza kutaja jambo moja la siku hiyo, wala asijibiwe kwa mawaidha. Kuandika nako si ugeni wa leo: Apolo Kivebulaya, Mganda aliyekwenda kufundisha Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896, akapigwa na kufungwa, alikuwa na desturi ya kuandika habari zake, na daftari zake zimehifadhiwa.

Daftari lako ni lako. Mume asilisome bila ruhusa, wala mwalimu mkuu asilitake kulikagua. Liwekwe katika sanduku la bati pamoja na kadi za kliniki, juu ya mawe, maana mchwa wa huku wanapenda karatasi.