Maktaba Isiyoazimisha Inafanya Nini?

Mtu akitaka kujua kama maktaba inafanya kazi, huuliza imeazimisha vitabu vingapi. Kwa Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, swali hilo halitoshi. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Jina la maktaba hiyo ni la taifa zima, lakini kwa mwanafunzi wa Kariakoo hiyo ndiyo maktaba ya mtaani kwao: anakatiza Mnazi Mmoja, anafika kwa miguu.

Wengi huingia na madaftari yao wenyewe. Wapo wakutubi wanaolalamika kwamba viti vimejaa na vitabu havijaguswa. Sikubaliani nao. Kijana anayelala chumba kimoja na wadogo zake, huku chini ya dirisha kipaza sauti kinanadi viatu mpaka usiku, kitabu anaweza kuazima kwa mwenzake. Meza je?

Hata hivyo, si kweli kwamba vitabu havisomwi. Ili kulithibitisha hilo, wakutubi wawaombe wasomaji wasivirudishe kwenye rafu. Mara kadhaa kwa siku mkutubi apite na toroli lake na kuandika namba za vilivyoachwa mezani kabla ya kuvipanga: 510 hisabati, 657 uhasibu. Kitabu ambacho hakijaazimwa mwaka mzima huenda kinashikwa kila siku. Kando ya orodha hiyo ya namba liwepo daftari la maswali, hasa yale yaliyokosa majibu. Watu wakija mara kwa mara kuuliza jinsi ya kusajili jina la biashara na rafu haina kitu, bajeti ya vitabu ianzie hapo.

Anayesahaulika ni muuza duka. Yeye hawezi kumwacha mteja akaenda kusoma, wala machinga hawezi kuacha meza yake. Huyo afuatwe. Si jambo geni: East African Literature Bureau, taasisi ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu kwa wasomaji waliokuwa mbali na miji. Kariakoo haiko mbali, ila muda wa watu wake ni mfinyu. Sanduku moja la vitabu vya hesabu, kodi na ushonaji lingepata wasomaji.

Nawe msomaji, ukienda maktaba ukakosa ulichokifuata, usiondoke kimya. Mwambie mkutubi, na uhakikishe ameandika.