Je, Wajua? Kila Saratani ya Mapafu Ina Alama Zake

Je, wajua kwamba:

• Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja? Takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wana aina ya seli zisizo ndogo. Wengi wa waliobaki wana aina ya seli ndogo, ambayo husambaa upesi zaidi.

• Aina hizi hutambuliwa kwa alama za uvimbe, yaani protini na jeni zake? Maabara hupaka kingamwili kwenye kipande cha nyama kilichotolewa mapafuni. Kati ya saratani za seli zisizo ndogo, protini ya TTF-1 ikijitokeza, mara nyingi ni adenokasinoma. P40 ikitawala, ni saratani ya seli bapa.

• Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani waligundua mabadiliko katika jeni ya EGFR, yakaeleza kwa nini dawa ya gefitinibu, inayolenga EGFR, iliwanufaisha wagonjwa wachache tu? Mabadiliko hayo huonekana zaidi kwa watu ambao hawajawahi kuvuta sigara.

• Mwaka 2007 Hiroyuki Mano na wenzake huko Japani walifichua jeni ya ALK iliyoungana na jeni nyingine, EML4? Kufikia 2011, dawa ya kuilenga, krizotinibu, ilikuwa imeidhinishwa Marekani.

• Alama hutabiri pia matokeo? Hata saratani ikiwa imeenea, mgonjwa mwenye ALK iliyoungana hivyo akipata dawa inayoilenga anaweza kuishi miaka mingi.

Ndiyo maana mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari: “Uvimbe wangu umepimwa alama zipi?” Jibu lake huamua tiba.