Leo aliyeandika ashike waya

Kahawia, nyeusi, nyekundu. Mwanamke wa Unguja akitajiwa rangi hizo atafikiri anauziwa kanga. Fundi wa umeme akiziona zimepangwa hivyo kwenye rezista, kidude cha kuzuia mkondo wa umeme kilicho kidogo kama punje ya mchele, anajua mara moja: ukinzani wake ni omu 1,000. Katika chuo cha Barefoot College kilichopo Kinyasini, Kaskazini Unguja, mwenye kanga na fundi ni mtu mmoja.

Wanafunzi wengi wa chuo hicho ni akina mama na mabibi wa vijijini, baadhi yao shule iliwapita kando. Huteuliwa na wanakijiji wenzao, hukaa chuoni miezi kadhaa wakijifunza kulehemu, kufunga paneli za sola na kufufua taa zilizokufa, kisha hurudi kuwasha nyumba zilizozoea moshi wa koroboi. Asiyejua kusoma hufundishwa kwa rangi, kwa michoro na kwa mikono.

Mtindo huo ulitoka Tilonia, India, ambako Bunker Roy alianzisha chuo mwaka 1972. Hoja yake inachekesha, lakini ina ukweli: kijana wa kiume ukimpa cheti, kesho yuko mjini anatafuta kazi. Bibi ana wajukuu, kuku na shamba, haendi popote. Ujuzi ukikaa kwake, umekaa kijijini.

Kwingineko wanawake bado ni wachache katika sayansi: duniani, kwa takwimu za UNESCO, ni kama theluthi moja tu ya watafiti. Tumezoea kusema wasichana wanaogopa hesabu. Lakini ingia maabara ya sekondari siku ya vitendo. Vifaa haba, kundi kubwa. Mara nyingi mvulana ndiye anayeunganisha betri na balbu. Msichana, kwa kuwa "ana mwandiko mzuri", anakabidhiwa daftari ajaze majibu. Miaka miwili anaandika walichofanya wenzake. Akifika kidato cha tatu anaiacha fizikia, nasi tunasema hakuipenda.

Kinyasini mwandiko mzuri haumwokoi mtu. Kila mmoja anashika waya, anaunguza, anarudia mpaka taa iwake.

Shule zetu zinahitaji maabara na walimu, na hayo yana gharama. Lakini kubadilishana zamu hakuhitaji bajeti. Jumatatu ijayo mwalimu wa fizikia aseme tu: leo aliyeandika ashike waya, na aliyeshika waya apewe daftari.